Kayaki ya paipu za maji: Unaweza kuiunda Kilifi, ila si kama walivyofanya kwenye video

KAMA unaishi kati ya Takaungu na Malindi na simu yako ina bando, huenda tayari umeziona zile video. Jamaa fulani ughaibuni, amevaa sweta, anakata paipu za maji kwenye gereji yake, anaziunganisha, anazivisha turubai, na dakika kumi baadaye anapiga kafi kwenye ziwa tulivu lililozungukwa na misonobari. Akimaliza anaikunja kayaki yote, anaitia kwenye mfuko na kurudi nyumbani. Nawe unajiambia: hii hata mimi naweza. Paipu ziko hapo hadiwea, turubai lipo, na bahari iko nyuma ya nyumba.

Unaweza, kweli. Lakini kabla hujatoa pesa mfukoni, litazame tena lile sweta. Jamaa amelivaa kwa sababu kwao kuna baridi, na plastiki iliyo ngumu kama mfupa kwenye baridi huwa kitu kingine kabisa ikianikwa saa saba mchana kwenye mchanga wa Bofa. Maji yake nayo ni ya ziwa: hayapwi wala hayajai, hayana chumvi, na chini hakuna matumbawe ya kukwaruza turubai. Wewe una joto, chumvi, matumbawe na mkondo wa maji, vyote nje ya mlango wako. Ukiiga video hatua kwa hatua, utapata chombo kizuri cha ziwa la Ulaya, kisha utakipeleka mahali ambapo si ziwa na si Ulaya.

Tuanze na paipu yenyewe. PVC huanza kulainika ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Jua letu halifiki huko, ila si lazima lifike. Ile presha inayoandikwa kwenye paipu ya maji hupimwa kwa nyuzi 20, na kadiri joto linavyopanda ndivyo uwezo wa paipu unavyoshuka. Nyuzi 20 hapa kwetu utazipata wapi? Hata usiku wa Julai ni kwa bahati. Tena, hata ikiwa baridi, PVC si ngumu kivile. Chukua fimbo mbili za umbo na unene mmoja, moja ya alumini na nyingine ya PVC: ya alumini ni ngumu kupinda takriban mara 20 zaidi. Mbao nzuri huishinda PVC mara tatu hivi.

Kuna na tabia nyingine ambayo haionekani kwenye video ya dakika kumi. Plastiki ikipindwa na kuachwa imepindwa kwenye joto, huzoea. Wiki moja baadaye ule mvuto uliokuwa unaikaza turubai umelegea, na kayaki iliyokuwa na umbo la samaki sasa ina umbo la ndizi. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutoitegemea paipu peke yake. Nguvu ya chombo itoke kwenye mataruma, kwenye namna ulivyofunga, na kwenye turubai lililokazwa. Paipu ni ya kushikilia umbo tu.

Waliotangulia

Si wewe wa kwanza kufikiria chombo cha plastiki pwani hii. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, dau lenye urefu wa mita tisa, kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, kisha wakalivisha vipande vya ndara zipatazo 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na Januari 2019 likatoka Lamu kuelekea Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi.

Watu wengi wakiona picha zake macho huishia kwenye zile rangi za ndara. Wewe unayetaka kuunda, tazama ndani. Mafundi hawakuitupa kazi ya wazee wao kwa sababu malighafi imebadilika. Mkuku upo, mataruma yapo, na plastiki ilimiminwa ikawa minene kama magogo, kwa sababu plastiki nyembamba haiwezi kubeba kazi ya mbao nyembamba.

Na lugha ya kazi hii unayo tayari, hata kama hujui unayo. Video itakuambia "fremu" kwa kila kitu. Mzee anayeziba nyufa za mashua pale Mnarani atakuambia mkuku ni uti wa mgongo, mataruma ni mbavu, omo ni mbele, tezi ni nyuma. Nitayatumia maneno hayo, kwanza kwa kuwa ni mafupi, na pili ukienda kumwomba mzee huyo ushauri (na uende) atakuelewa mara moja. Mwamkie kwanza, kaa, umwache amalize shughuli yake. Mafundi wa vyombo hawapendi kuulizwa maswali na mtu aliyesimama.

Kayaki yenyewe asili yake ni kwa Wainuit wa nchi za barafu. Kiunzi chao kilikuwa cha mbao zilizosukumwa ufukweni na mawimbi, kikafungwa kwa kamba za ngozi na kuvishwa ngozi ya sili. Walifunga kwa sababu kiunzi kilichofungwa hujinyonga kidogo wimbi likipita chini yake kisha kikarudi mahali pake, ilhali kilichopigiliwa misumari hupasuka. Sisi tulikuwa na mtepe, uliounganishwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi ya nazi. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, tayari kinataja vyombo vya kushonwa pwani hii ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukimwona mtu kwenye video anafunga viungo vyote vya paipu kwa skrubu, jua Mwinuit na Mswahili wa kale wote wangemcheka.

Ile ya kukunja ilibuniwa Ujerumani mwaka 1905 na mwanafunzi aitwaye Alfred Heurich, na miaka miwili baadaye Johannes Klepper, fundi cherehani wa mji wa Rosenheim, akanunua haki ya kuiunda na kuiuza. Usifikirie kukunjika ni udhaifu. Oskar Speck aliondoka Ujerumani na kayaki ya kukunja mwaka 1932 akafika maeneo ya Australia mwaka 1939, vita vimeshaanza, akakamatwa kwa kuwa ni Mjerumani. Daktari Hannes Lindemann aliivuka Atlantiki mwaka 1956 kwa siku 72 ndani ya kayaki ya kukunja. Lakini viunzi vyao vilikuwa vya mbao. Hakuna aliyevuka bahari na paipu za bafuni, na usiwe wa kwanza.

Sasa kazi

Kwa mtu mmoja wa kilo 60 hadi 80, lenga urefu wa mita 4, upana wa sentimita 75 katikati, na kina cha sentimita 30. Kayaki nyembamba za mashindano zinapendeza na zinakimbia, lakini zinamwaga mtu. Upana ndio utakaokuweka juu ya maji hadi mwili wako ujifunze.

Paipu za kwenda urefu ni tano: mkuku mmoja chini katikati, mbili za chini pembeni pale tumbo la chombo linapoanza kupanda, na mbili za juu kwenye ukingo. Jumla ni mita 21 hivi. Paipu za maji kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hivyo nne zinatosha na mabaki yapo. Chukua za inchi moja, zile zenye kuta nene za maji ya presha. Pale hadiwea utaonyeshwa paipu za kupitishia nyaya za umeme, na bei yake itakutamanisha. Ziache. Kuta zake ni nyembamba, zikipindwa sana zinajikunja kama mrija wa soda.

Zikate vipande visivyozidi mita 1.2. Hicho ndicho kipimo kinachokaa nyuma ya bodaboda bila kumgonga mtu njiani. Kila kiungo kiwe na kipande cha paipu nyembamba zaidi kwa ndani, chenye urefu wa sentimita 30. Nusu yake igandishe kwa gundi ya PVC kwenye upande mmoja, nusu ya pili iingie kavu kwenye upande wa pili ili iweze kuchomolewa. Usinunue paipu hiyo ya ndani kwa kukisia. Beba kipande cha ile kubwa hadi dukani ujaribu kwa mkono wako: iingie kwa kusukumwa, isiingie kwa kudondoka. Kiungo kinachocheza ndicho kitakachovunjika, na hakitavunjika ukiwa ufukweni. Pitisha kamba ya mpira ndani ya vipande vyote vya mstari mmoja, kama nguzo za hema, visipotee wala kuchanganyika.

Mkuku upe heshima yake. Uzito wako wote unaukalia katikati, kwa hivyo ndani ya vipande vyake viwili vya katikati ingiza paipu ya alumini au ufito mnyoofu wa mbao ngumu. Gharama inaongezeka kidogo. Lakini hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kayaki ya sweta na kayaki ya Kilifi, na kama kuna sehemu moja ambayo ningekukataza kubana pesa, ni hapa.

Mataruma yawe matano. Yakate kutoka plaiwudi ya milimita 12 isiyofumuka majini, au, kama mbao huziamini, kutoka vibao vizito vya plastiki vya kukatia nyama. Vibao hivyo si mzaha. Waundaji wengi wa kayaki za kukunja huvitumia, kwa kuwa havinywi maji wala kuoza. Taruma la katikati liwe na umbo la herufi U ili miguu ipate kupita. Yanayoelekea omo na tezi yapungue upana taratibu. Pembezoni mwa kila taruma chonga pengo la mviringo ambamo paipu itakaa, dogo kiasi kwamba paipu inalia "tak" ikiingia. Kisha piga msasa kingo zote mpaka ukipitisha kiganja usikwaruzwe. Ukingo mkali utaila turubai polepole, na utajua siku maji yakiingia.

Ncha za paipu zinahitaji kupinda ili zikutane omo na tezi. Mafundi bomba wana ujanja wa siku nyingi: kaanga mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu, ujaze ndani ya paipu, subiri kidogo, kisha pinda taratibu. Mchanga huzuia paipu isijikunje. Vaa glavu nzito, fanyia kazi hiyo nje penye upepo, na usiweke kamwe PVC kwenye moto wenyewe. Moshi wake una asidi na unachoma mapafu. Ukiona paipu inageuka kahawia, umezidisha.

Kufunga sasa. Nenda kwa fundi wa baiskeli umwombe tyubu zilizokufa, uzikate vipande vyembamba virefu. Kila mahali paipu inapokutana na taruma, funga kwa kuvuka msalaba, ukiivuta mpira kadiri ya nguvu zako. Mpira wa tyubu unashika, unanyumbulika, na ukikatika unafunga mwingine hapo hapo ufukweni. Hiyo ndiyo kamba ya makumbi ya siku zetu.

Vazi

Turubai liwe lile zito la lori, lililopakwa plastiki pande zote mbili. Turubai jepesi la buluu la kuanikia mahindi halifai hata kwa majaribio. Chagua rangi nyeupe au ya kung'aa: haifyonzi jua sana, na mtu aliye mbali anakuona. Kata, kisha ukiwa na kiunzi chako mpelekee fundi anayeshona maturubai ya malori, kwani ana gundi yake na anajua jinsi ya kulaza kingo zisipitishe maji. Chini, kuanzia omo hadi tezi, aongeze ukanda wa pili wa turubai kando ya mkuku. Hapo ndipo matumbawe na chaza watakapokuonea.

Kukaza ndipo akili ya kayaki za kukunja ilipo. Kiunzi hakiingii kizima. Unaunda nusu ya mbele na nusu ya nyuma kando kando, unaiingiza nusu ya kwanza mpaka omo, ya pili mpaka tezi. Zinakutana katikati zikiwa zimeinuka kidogo, kama paa la nyumba, kwa kuwa kiunzi ni kirefu kuliko nafasi iliyobaki. Sasa sukuma chini pale katikati. Kinyanyuko kinalala, urefu unasukuma ncha zote mbili, na turubai linakaza hadi ukiligonga linalia kama ngoma. Lisipolia, usiingie majini. Kuna kitu kimelegea.

Chombo kizima kitakuwa na kilo 18 hadi 22. Kafi tengeneza kwa ufito wa mbao wenye urefu wa mita 2.2 hivi, uliokauka vizuri, na mabapa ya plaiwudi yaliyofungwa kwa bolti mbili kila upande. Kafi la paipu ya PVC hupinda kama upinde kila ukivuta, nusu ya jasho lako inapotea bure.

Ikijaa maji, itakubeba?

Swali hili ndilo linalotenganisha chombo na mwanasesere, na video nyingi hazilijibu. PVC ni nzito kuliko maji, kwa hiyo paipu zako zikiingia maji zitazama. Kayaki ya ukubwa huu ikipinduka huweza kubeba zaidi ya lita 300, yaani zaidi ya kilo 300 za maji zinazoyumba huku na huku. Huwezi kuimwaga ukiwa unaelea kando yake.

Dawa ni kuijaza hewa kabla bahari haijaijaza maji. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa vizuri una uwezo wa kuinua karibu kilo 19. Funga mmoja omo na mmoja tezi, ndani kabisa, kwa kamba zisizoteleza. Nafasi inayobaki pembeni jaza chupa za soda za lita 2 zilizofungwa vifuniko. Kumi ni lita 20 nyingine. Sasa una lita 60 za hewa. Kayaki iliyojaa maji haitazama, utaishikilia, na maji yanayoweza kuingia yamepungua kwa kiasi hicho hicho. Chupa hizo huzinunui, ziko ufukweni zimetupwa.

Jaketi la kuokolea maisha si la mjadala. Mtu asiyejua kuogelea asianze na kayaki, aanze na kuogelea.

Kisha kuna jaribio ambalo vijana wengi watataka kuliruka. Nenda mahali maji yanafika kifuani, na rafiki amesimama kando. Panda, kisha jipindue kwa makusudi. Toka, shikilia kayaki, igeuze, jaribu kupanda tena. Rudia mara tano. Ukishindwa kupanda mara zote tano maji yakiwa shwari na rafiki yupo, huna biashara na maji yasiyofika chini.

Kama unaona bado inayumba mno, jibu liko mbele ya macho yako kila siku: ngalawa. Chukua paipu ya inchi nne, ile ya maji taka, urefu wa mita 2, uizibe ncha zote mbili kwa vifuniko na gundi. Ndani yake mna karibu lita 17 za hewa. Mbili za namna hiyo, moja kila upande, zikishikiliwa na fito mbili zinazopita juu ya kayaki, na chombo chako hakitapinduka kirahisi. Kitapungua kasi, na wenzako watakutania. Waache.

Maji ya kwetu

Bahari yetu inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji makavu huweza kukaribia mita nne. Maji yote hayo lazima yaingie na kutoka Mida kupitia mlango mmoja mwembamba, na Kilifi vivyo hivyo. Yakianza kupwa, mlangoni huwa ni mto. Hakuna kafi la plaiwudi linaloushinda mto huo.

Kwa hiyo ratiba yako isipangwe na saa ya simu, ipangwe na mwezi. Siku zako za kwanza ziwe za maji mafu, wakati mwezi ni nusu na mkondo ni mpole. Ingia majini maji yakiwa bado yanajaa, yamebakiza saa mbili hivi kufika mwisho. Wakati huo ukichoka au kafi likivunjika, maji yanakusukuma ndani kuelekea kwenye mikoko. Yakishaanza kupwa yanakusukuma nje kuelekea mwambani, kwenye mawimbi, na baada ya hapo ni Bahari ya Hindi mpaka mwisho wa macho. Uwe umeshatoka kabla hayajageuka. Kesho yake saa hizo zitasogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo usiseme "jana nilitoka saa tatu, na leo ni saa tatu".

Upepo nao una zamu zake. Kusi inapovuma, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, bahari ya nje si ya chombo cha turubai hata kwa dakika tano, na hata ndani ya hori mchana maji yanachafuka. Kaskazi ikiingia mambo yanakuwa nafuu, na miezi ya katikati, upepo unapobadilika, ndiyo mizuri zaidi. Kwa vyovyote, toka asubuhi na mapema.

Mahali pa kuanzia ni ndani ya hori la Kilifi, juu ya daraja la Mnarani, au sehemu za ndani za Mida. Mida lakini ina mtego wake: maji yakitoka, sehemu kubwa inabaki tope, na mtu anaweza kukaa saa kadhaa amekwama katikati ya mikoko akihesabu kaa. Kaskazini ya Malindi, mdomo wa Sabaki usiuguse. Kule kuna viboko na mamba, na hawajali kama chombo chako kinakunjika.

Halafu karatasi. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968 na ziko chini ya KWS. Ndani yake kuna ada na masharti. Siku utakapofikiria kumbebea mtalii kwa malipo, hapo umeingia kwenye leseni na ukaguzi wa Mamlaka ya Baharini Kenya (KMA), na chombo cha paipu hakiwezi kuwa njia ya mkato. Kwa matembezi yako mwenyewe, anza na ofisi ya BMU ya ufuo wako. Waambie una chombo, unatoka wapi na unarudi saa ngapi. Hao ndio watakaokuja kukutafuta, na ni vyema wawe wanajua rangi ya turubai.

Ukirudi nchi kavu usiiache kayaki ikiwa imekazwa juani ili watu wapige nayo picha. Legeza katikati papo hapo, mvuto utoke kwenye paipu. Suuza kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa ndani ya viungo, kwa sababu chumvi na mchanga vikikauka mle kesho hutachomoa kitu. Anika kivulini, turubai kwanza likiwa limepinduliwa ndani nje. Pitisha kidole kwenye ule ukanda wa chini. Ukikuta mkwaruzo uliofika kwenye nyuzi, kata kiraka cha mviringo, kwaruza kidogo kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, bandika, weka jiwe juu, na uache mpaka kesho kutwa.